Mashine ya Mapipa Mawili

Dar es Salaam,
18 Januari 1998

Mdogo wangu Nyanzala,

Pokea salamu, wewe na baba. Sisi huku tunaendelea. Luhende ameanza kushika shingo, na ukimwita anakutazama kama mzee aliyekatizwa mazungumzo.

Nakuandikia kwa sababu wewe ndiye msomi wetu, na mimi nina shida ya kisomi. Shemeji yako Silvester ameniruhusu ninunue mashine ya kufulia nguo. Amesema, "Chagua mwenyewe, mimi nitabeba tu." Nilipokwenda dukani kuuliza, kijana wa pale alinipa vipeperushi hivi vitatu, vyote vya Kiingereza, akaniambia nikasome nyumbani. Niliona haya kumwambia kwamba mimi niliishia la saba. Shemeji yako naye anasema Kiingereza chake ni cha kuombea kazi, si cha kusomea mashine. Nimevitia humu kwenye bahasha. Visome, uniambie ipi inafaa nyumba ya ghorofani.

Hali yetu ni hii. Tuko ghorofa ya nne na ngazi ni nyembamba. Bafu ni dogo, ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Tuna kibaraza cha kuanikia nguo. Nataka mashine isiyo na kelele, maana Mama Hilari wa ghorofa ya tatu ameshapanda mara nyingi kulalamika kwamba nafua kwa fujo. Na jambo kubwa kuliko yote, nataka ile ambayo nikishaweka nguo, sizigusi tena mpaka zitakate.

Mwambie baba sanduku la nguo za mama lilifika salama. Baba mdogo Makoye alilileta hadi mlangoni kabla mvua hazijakata reli. Liko chini ya kitanda. Mwambie nitafanya.

Dada yako,
Dorotea

*

Mpanda,
9 Februari 1998

Dada Dorotea,

Barua yako imepitia Sumbawanga kwa lori, ndiyo maana imechelewa. Nimevisoma vipeperushi vyote kwa kamusi ya shule. Sikumwuliza mwalimu yeyote, niliogopa atauliza mashine ni ya nani.

Ya kwanza ina mlango wa mbele kama jicho la kioo. Hii inafanya yote yenyewe. Unaweka nguo, unafunga mlango, inavuta maji, inafua, inasuuza, inakamua. Huigusi. Ya pili inafunguka juu, nayo inajiendesha, ila inakunywa maji mengi. Ya tatu ina mapipa mawili yaliyokaa pamoja, moja la kufulia na jingine jembamba la kukamulia.

Nilichora bafu lako uani kwa kijiti, nikaweka debe mahali pa mashine ili nione kama mtu anaweza kupita. Baba alisimama akanitazama.

"Unapima kaburi la nani?"

"Ni bafu la dada Dorotea, baba."

Akaliangalia sana. "Mwenzetu anaoga amesimama?"

Ndiyo mara ya kwanza amefanya utani tangu mama afariki.

Kwa ulivyoeleza, ya mlango wa mbele ndiyo inayokufaa. Lakini kipeperushi kinasema lazima iungwe kwenye bomba lenye maji ya nguvu wakati wote. Je, huko maji yanapanda? Tena ni nzito sana. Ndani wameweka zege ili isirukeruke. Mwonye shemeji.

Baba anauliza kama umeshafua nguo za mama. Nimemsomea maneno yako, "nitafanya." Bado analala kwenye mkeka wa matanga, barazani. Watu wote walishaondoka. Shangazi Apollinarie alimsihi anyoe, arudi kulala ndani. Baba akasema kwetu matanga hayaondoki mpaka nguo zipite kwenye mikono ya binti wa kwanza, zirudi, zigawiwe. Hakulaumu mtu. Anajua ulikuwa umetoka kujifungua na usingeweza kuja kuzika. Ndiyo maana alizituma kwako.

Huku hakuna jipya. Nikitoka shule nashuka mtoni kusoma, kwa sababu kuna utulivu.

Kuna kitu sijaelewa. Unasema Mama Hilari analalamikia kelele za kufua. Mashine bado hujanunua. Kelele hizo ni za nini?

Mdogo wako,
Nyanzala Nkwabi

*

Dar es Salaam,
3 Machi 1998

Mdogo wangu,

Nilitumaini hutauliza. Lakini nikikuficha wewe nitabaki na nani.

Nijibu kwanza ya mashine. Maji hupanda bombani alfajiri, tena si kila siku. Zikipita siku mbili kavu, tunapandisha ndoo kutoka chini. Umeme nao hukatika bila kuaga.

Sasa kelele. Mama Hilari alipanda tena wiki iliyopita, nimetoka tu kwenye kibanda changu cha kushonea, mtoto bado mgongoni.

"Mama Luhende, unafulia kwenye jiwe humo ndani?"

Nikamwambia, "Jiwe nitalipandishaje ghorofa ya nne, mama?"

"Mimi sijui utalipandishaje. Najua ninachosikia. Paa, paa, paa, halafu kimya. Halafu tena. Leo mmeanza mchana na mpaka sasa hamjamaliza."

"Mchana mimi nipo kazini. Mlango nimefunga mwenyewe."

Akatazama ndani juu ya bega langu. "Basi kuna mtu umemfungia."

Silvester alisema ni mabomba, akamleta fundi. Fundi aliweka sikio ukutani bafuni, akasikiliza, akasema mabomba ni makavu. Nilimkaribisha chai, akasema ana kazi nyingine. Vifaa vyake alikuja kuvichukua kesho yake, akasimama nje ya mlango tumpe.

Nyanzala, nilifungua sanduku la mama mara moja. Zile nguo zimekaa humo tangu Desemba, unazijua, ulizifunga wewe. Zilikuwa mbichi. Sisemi unyevu wa huku pwani. Zilikuwa mbichi kama zimetoka majini sasa hivi, na mbao za sanduku zilikuwa kavu. Na bado zilikuwa chafu. Ule udongo mwekundu wa shamba ulikuwa palepale kwenye pindo la kitenge. Nikafunga.

Mashine naitaka kwa ajili hiyo. Silvester anadhani ni ya nepi za mtoto. Sikumwona mama akizikwa. Kwangu mimi bado yuko Mpanda, ananiwekea karanga ili zije na mtu wa safari. Nikitia mikono kwenye nguo zake ndiyo nimemaliza. Siwezi. Acha mashine ifanye, mimi nifunge mlango wa bafu nikae na mtoto chumbani.

Baba hajakataza mashine. Wala wewe usimwulize. Niambie tu, ile ya mlango wa mbele, na shuka nzito itafua bila mkono wangu? Tutaiwekea pampu ya maji kama itabidi.

Dorotea

*

Mpanda,
24 Machi 1998

Dada yangu,

Nilipofika pale ulipoandika "paa, paa, paa, halafu kimya," nilikunja barua nikaitia kwenye daftari, nikamwomba mwalimu ruhusa nikatoka darasani.

Mimi pia nasikia.

Ni mtoni, kwenye jiwe la mama, lile lililobonyea katikati. Sauti ilianza wiki sanduku lilipoondoka. Nasikia nikiwa njiani, kabla ya kufika kwenye matete. Anapiga mara tatu, ananyamaza kugeuza nguo, anapiga tena. Nikifika, jiwe limelowa na hakuna mtu. Nikikaa chini kimya bila kuligeukia, linaendelea kupigwa nyuma yangu. Mke wa baba mdogo na wenzake hawafui tena pale. Wanasema maji yamechafuka. Hawasemi zaidi.

Nimekuwa nikikaa hapo kila siku nikifanya hesabu zangu. Siogopi. Nilipokuambia nakwenda kwa ajili ya utulivu, nilikuwa nakuficha. Nakwenda kwa sababu shuleni siongei na mtu, na nyumbani baba haongei, na pale kuna mama anafua nyuma yangu kama zamani nilipokuwa mdogo, mimi nachezea mchanga.

Kwa hiyo barua yako iliponijia nilifurahi, dada. Nilijiambia, achukue ya mlango wa mbele. Asiziguse kamwe. Mama aendelee kufua. Niliandika barua ya kukuambia hivyo, nikaifunga, nikaibandika stempu.

Jumapili nilirudi kanisani sikumkuta baba kwenye mkeka. Nilimkuta mtoni. Alikuwa ameingia mpaka mapajani, na unajua mvua za mwaka huu zilivyoujaza mto. Hakuwa na shati. Shati alikuwa amelishika mbele yake kama mtu anayempa mwenzake.

"Baba, toka."

"Anataka nguo," akasema. "Amefua zile zile siku zote hizi na hazitakati. Nampa za kwangu apumzike na zile."

"Toka kwanza, nitampa mimi."

"Wewe siye wa kwanza."

Nilimvuta kwa mkono. Maji yalikuwa yananivuta na mimi. Alipofika ukingoni alitetemeka mpaka jua likawa kali, na nyuma yetu jiwe lilikuwa linapigwa, taratibu, bila hasira. Ile barua ya kwanza nimeichoma jikoni.

Amekwenda tena leo asubuhi. Nimemwomba Shangazi Apollinarie awe anakaa naye nikiwa shule. Nimemwambia baba ana homa. Lakini shangazi hawezi kumshikilia mwanamume, na mto haujashuka.

Sasa ya mashine. Usinunue ya mlango wa mbele. Nimesoma tena ukurasa wa tahadhari. Umeme ukikatika katikati, mlango hujifunga na maji yakiwa ndani, na haufunguki mpaka umeme urudi. Sitaki nguo za mama zifungiwe humo, na nyie mmesimama gizani mnazitazama kwenye kioo. Pampu pia usinunue.

Nunua ya mapipa mawili. Ni nyepesi, shemeji na mtu mmoja wataipandisha. Inapita bafuni, nimepima na debe. Haihitaji bomba, unamimina maji kwa ndoo. Haitikisiki sana, ukiiwekea gunia chini Mama Hilari hatasikia. Na kuna jambo moja, dada, sikufichi. Pipa la kwanza linafua, lakini nguo haziendi zenyewe kwenye pipa la pili. Unazihamisha wewe. Kila nguo itapita kwenye mikono yako.

Najua uliomba kinyume chake. Mashine itasugua, wewe huna haja ya kusugua. Lakini kuhamisha, hamisha wewe.

Nyanzala

*

Dar es Salaam,
21 Aprili 1998

Mdogo wangu Nyanzala,

Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilikaa na barua yako siku kadhaa bila kumwonyesha mtu. Nilikukasirikia kidogo. Halafu nikamfikiria baba na lile shati.

Tulinunua ya mapipa mawili. Kijana wa duka alinicheka. "Mama, hii ya kizamani. Wenzako wanachukua za kujiendesha." Nikamwambia msomi wetu ameshaamua. Silvester aliipandisha na mlinzi, wakapumzika kila ghorofa, na Mama Hilari akafungua mlango kuona kinachopita.

Jumamosi asubuhi nilimwambia Silvester amchukue mtoto akamtembeze. Nikajaza maji, nikatia sabuni ya unga, nikalivuta sanduku. Sikutazama. Nilishika kwa kitambaa kama mtu anayeshika sufuria ya moto, nikatumbukiza, nikafunika, nikazungusha kile kitufe. Ikaanza kuunguruma. Nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nimefumba macho, nikajiambia, unaona, ni mashine tu.

Ikafika mwisho, ikazima. Bafu likawa kimya. Halafu maji ndani ya pipa yakaanza kuchezacheza, kama beseni ambalo mtu ametia mikono.

Nilifunua. Maji yalikuwa mekundu, mdogo wangu. Udongo wote ulikuwa umetoka. Nikatia mikono. Yalikuwa baridi kama ya mtoni kwetu asubuhi, na mimi niliyamimina yakiwa na joto la ndoo iliyokaa juani. Nikahamisha gauni la kanisani. Nikahamisha kitenge. Sikuwa natumia kitambaa tena, sijui kilidondokea wapi. Khanga, blauzi, ile sketi aliyoshonewa na mimi na nikaikosea kiuno. Kila moja nikaijua kwa mikono kabla ya kuitazama.

Shuka ilikuwa ya mwisho. Unakumbuka uzito wake. Niliinyanyua, ikawa ndefu, nikarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mlango, na ncha nyingine bado iko ndani ya pipa. Nikaivuta. Haikuja. Ikanyooka.

Halafu ikaanza kujikunja kutoka upande wa kule.

Unajua tulivyokuwa tunakamua. Mama anashika ncha moja, wewe nyingine, yeye anakunja kulia wewe kushoto, na akiona unalegea anaivuta kidogo ili ujue bado hajamaliza. Ilivutwa kidogo hivyohivyo. Nikakaza. Nikakunja upande wangu. Maji yakachuruzika katikati, mekundu, halafu maziwa maziwa, halafu meupe kabisa. Sikuona mkono. Sitakuambia niliona kitu. Niliona shuka imesimama hewani kama kamba, na mimi ndiye niliyekuwa nalia, na huko kwingine hakuna aliyelia. Ilipoisha maji, ncha ya kule ikaachiwa. Haikuanguka. Iliwekwa, polepole, kwenye ukingo wa mashine.

Pipa la kukamulia sikulitumia.

Nilikuwa naanika kibarazani Mama Hilari alipopanda. Nilijua amekuja na yale yake.

"Leo umefua vizuri," akasema. "Sijasikia jiwe."

"Ni mashine, mama."

"Mashine nimeisikia. Ikazima." Akanitazama machoni. "Halafu nikasikia mmecheka. Mgeni wako ameshaondoka?"

Nikamwambia ameondoka.

Reli imefunguliwa. Baba mdogo Makoye anarudi huko Jumanne, nampa sanduku. Nguo zimekauka. Nimezipiga pasi zote mwenyewe, na sketi ile nimerekebisha kiuno. Niandikie habari za baba haraka, kwa simu ya upepo, kwa mtu, kwa chochote.

Dada yako,
Dorotea

*

Mpanda,
17 Mei 1998

Dada Dorotea,

Baba ni mzima. Nimeanza na hilo ili uweze kukaa chini na kusoma mengine.

Aliacha kwenda mtoni hata kabla sanduku halijafika. Jumamosi ile unayoisema aliinuka kwenye mkeka, akamwuliza shangazi, "Leo kwa nini kimya hivi?" Akaomba uji. Sikujua sababu mpaka nilipoisoma barua yako.

Sanduku lilipokuja alizitoa nguo moja moja, akazinusa. Alisema zinanuka sabuni ya mjini. Nikangoja aulize zimefuliwaje. Akashika pindo la kitenge akaligeuza, akasema, "Huu ni mkono wa Dorotea." Kesho yake alinyolewa, mkeka ukakunjwa, nguo zikagawiwa. Shangazi amepata gauni la kanisani. Mke wa baba mdogo kitenge. Mimi nimepewa shuka. Za kwako zitakuja Makoye akisafiri tena. Baba sasa analala ndani, anakoroma, na mimi namsikiliza.

Mtoni hakuna kitu. Nimekwenda kila siku. Jiwe ni kavu, mijusi wanalala juu yake. Nilijaribu kufanya hesabu pale nikashindwa, nikarudi nyumbani. Najua nilichokuambia ufanye, na ningekuambia tena. Nakuandikia tu ili ujue kwamba huku ndiko kulikonyamaza.

Jana nilibeba shuka na sare zangu nikaenda kufua. Hakuna mwanamke mwingine aliyerudi pale bado. Nilikuwa nawaza mtihani, nikipiga nguo, na nilichelewa kugundua nafanyaje. Nilikuwa nimepiga mara tatu nikanyamaza, nikageuza, nikapiga tena.

Nikasikia matete yanavunjika. Baba alikuja mbio, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna. Alisimama ukingoni akaniona. Alinitazama muda mrefu sana, na uso wake ukawa unashuka, unashuka, mpaka ukawa wa kwake tena.

"Ni wewe," akasema.

"Ni mimi, baba."

Nilidhani ataondoka. Akavua kile kiatu kimoja. Akaingia mpaka kwenye vifundo vya miguu, akachukua ncha ya shuka iliyokuwa inaelea, akaishika kwa mikono yote miwili kama mtu aliyepewa mtoto. Sijawahi kumwona baba akishika nguo iliyolowa.

Tukakunja. Shuka ikazunguka yote pamoja, haikutoa hata tone. Alikuwa anakunja upande uleule ninaokunja mimi.

"Upande mwingine, baba."

"Upi?"

Nikamwonyesha.

Mdogo wako,
Nyanzala